Kiti cha Betri na Mkono wa Kushoto

Ndugu zangu, mulembe, amani kwenu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha walemavu ameniita hapa mbele niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Kabla sijafika akaninong'oneza, "Kukhu, bibi yetu, sema kwa upole, leo kuna wageni." Nimewaona wageni. Karibuni sana. Lakini upole sina leo, na sitaazima wa mtu. Mkitaka ushuhuda wa machozi mngojeni atakayenifuata. Wangu una hasira ndani, na hiyo hasira ndiyo iliyonitoa kitandani, kwa hiyo nitaisema yote. Majina sitataja. Aliyefanya anajijua, na wengine wameketi humu humu, naona wameanza kutafuta vitu chini ya mabenchi.

Kwa wasionijua, mimi ni muuza mukene hapa Busia mpakani. Nyinyi wa upande wa Kenya mnaiita omena, nami nimewauzia kwa majina yote mawili tangu ujana wangu. Nilikuwa naenda ziwani Majanji mwenyewe kuipokea ikiwa bado inang'aa, naianika, naigeuza juani, halafu gunia najitwika kichwani. Nimesema najitwika. Sikutwikwa. Watoto wangu wote wamesoma kwa hao samaki wadogo ambao wengine wenu mnadhani ni chakula cha kuku. Wajukuu ninao wengi, wana vyeti vya kila rangi. Mimi mwenyewe shule niliiacha mapema. Jina langu naandika, basi, lakini nyumba yangu nimeijenga mimi.

Ugonjwa ulianza na kandambili. Ilikuwa inavuka mguuni nami sijui, naiona nyuma yangu njiani kama ya mtu mwingine. Halafu magoti. Halafu nikaanza kuangusha vikombe. Hospitali wakasema ni misuli, nguvu zake zinaisha, na dawa ya kuzirudisha hakuna. Nikasema sawa. Ndugu zangu, nawaambia kweli, ugonjwa wenyewe haukunikasirisha. Ugonjwa haujui unamshika nani. Walionikasirisha ni watu wenye miguu.

Nililetewa kiti cha magurudumu, kile cha kusukumwa. Mikono yangu haikuweza kuzungusha yale magurudumu, kwa hiyo nikawa mtu wa kusukumwa. Nyinyi mnaosukuma watu, nisikilizeni leo. Mnajua mnavyofanya? Mnasukuma huku mnaongea na simu. Mkikutana na rafiki mnasimama, mnacheka, mnasahau kwamba mko na mtu. Mkichoka mnamwegesha kama baiskeli. Kwenye mazishi fulani kule Masaba niliegeshwa nikitazama ukuta wa jiko. Aliyekufa alikuwa mwenzangu wa sokoni, tuligawana turubai moja miaka na miaka. Mahubiri yote, nyimbo zote, nikazisikia kwa mgongo. Nikaita. Mtu akasema, "Kukhu anataka maji." Nikaletewa maji. Sikutaka maji! Nilitaka kugeuzwa. Nikaita tena, nikaletewa chai. Nilimzika rafiki yangu nikitazama masizi.

Siku ile niliporudi nyumbani nikasema nataka kiti cha betri. Wanangu wakanitazama kama mtu aliyesema anataka ndege.

Sasa kijana wangu mkubwa ana shamba kule Kisoko. Alikuja akaketi mbele yangu, akasugua magoti yake. Akisugua magoti najua analeta neno baya.

"Mama, hama. Nyumba ya Busia tuipangishe. Kwangu utalala, utaletewa kila kitu."

"Nani amekuambia nataka kulala?"

"Mama, hata mlangoni hufiki."

"Na nikifika?"

"Ukitoka chumbani kwako ukafika barabarani bila mtu kukushika, mimi sitasema tena. Lakini Krismasi ikikukuta hivi hivi, nakuja na gari nikuchukue."

"Gari la nini? Mimi ni mahindi?"

Mwanangu ananipenda, sikatai. Lakini nimewaona wazee wanaohamishiwa kwa watoto wao. Wanapewa chumba cha nyuma na redio. Wanaulizwa kama wamekula, na hakuna anayewauliza jambo lingine. Nikitoka nyumbani kwangu nimelala kwenye gari, sirudi. Hayo ndiyo yalikuwa mbele yangu, ndugu zangu. Kiti nilikuwa nakitafuta ili nibaki kwangu.

Binti yangu tunakaa naye mji mmoja, na mume wake anafanya kazi Nairobi. Huyo mkwe wangu aliposikia, moyo wake ukamsukuma, akanunua kiti cha betri kilichotoka ng'ambo kikiwa kimetumika. Moyo mzuri, nasema mbele yenu. Lakini Wasamia wenzangu mnajua tulivyo, na wageni msishangae: mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja. Mkwe akikutana nami njiani anaingia shambani mpaka nipite. Sasa mtu kama huyo angenipimaje kiuno? Angepiga simu aulize, mama, makalio yako yana upana gani? Afadhali afe. Basi alinikisia. Na alinikisia kwa siku alizowahi kuniona kutoka kwenye uzio, zamani, nilipokuwa mnene na ninatembea. Yule mwanamke aliyemnunulia kiti alikuwa ameisha. Nilikuwa nimebaki mifupa na mdomo.

Kiti kikaja juu ya pikapu. Watu wakajaa kama wamesikia kuna kampeni. Kiti kikubwa, cheusi, kama kochi la mheshimiwa. Mhubiri mmoja aliyekuwa anapita akakiombea kiti. Kiti! Mimi nilikuwa hapo hapo kando, hakuniombea. Wanaume wakakishusha wanatokwa jasho, wakakivuta mpaka mlangoni, kikakataa kuingia. Nikasema kiti ni kipana. Wao wakasema mlango ni mwembamba, wakaanza kuulizana nani ana nyundo. Nyundo, kwa nyumba yangu, nami niko pale nawatazama!

"Atakayegonga ukuta huo," nikasema, "nitamlaani yeye na mbuzi wake." Wakaacha. Wakaniweka kitini hapo nje.

Nikazama humo. Kulia pana nafasi, kushoto pana nafasi, mimi katikati kama kijiko kwenye sufuria ya harusi. Mwili wangu haujishikilii wenyewe, lazima nipate kitu cha kuniegemeza ubavuni, bila hivyo naanguka upande. Wakanijaza mito. Kijiti cha kuendeshea kilikuwa upande wa kulia, kigumu, tena mbali. Nikauinua mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto, nikauweka juu ya kijiti. Ukatulia kidogo. Halafu ukalala na uzito wake wote, kiti kikaondoka na mimi. Kikapita juu ya mukene ya jirani iliyoanikwa, mshipi wa gauni langu la gomesi ukashikwa na gurudumu, nikavutwa kichwa chini, nikaingia kwenye mahindi nikizunguka humo kama mashine ya kusaga. Watu walicheka mpaka wakashikana. Wewe uliyecheka kuliko wote uko hapo karibu na dirisha. Usinitazame kama mtakatifu.

Kucheka nimesamehe. Hata mimi ningecheka. Lakini walipomaliza kucheka wakasema neno, na hilo sijasamehe. Wakasema, "Mama hawezi." Hakuna hata mmoja aliyesema kiti hakimfai. Mtu ukimvisha gomesi ya mwanamke mwingine ikamvuka mabegani, mnasema mabega yake ni mabaya? Lakini neno likatoka uwanjani kwangu likafika sokoni, likavuka forodha bila kitambulisho, likarudi, likafika Kisoko kwenye simu. Kijana wangu akapiga. "Umeona sasa, Mama. Krismasi nakuja."

Ndipo akaja mama mmoja wa kikundi hiki. Anatembea kwa magongo tangu utoto wake, na ulimi wake mnaujua. Alikizunguka kile kiti mara moja, akakisukuma kwa gongo.

"Ulikikalia kabla hakijanunuliwa?"

"Kililetwa."

"Basi si chako. Ni cha waliokileta. Fugia kuku."

"Mimi naumwa, wewe unanifanyia mzaha?"

"Sifanyi mzaha, kuku watafurahi. Sikiliza. Nenda Tororo, kuna mahali wanampima mtu akiwa amekaa. Pima mlango wako kwa kamba uende nayo. Ukalie, ujaribu, ubishane, ndipo ukubali."

"Nibishane na nani?"

"Na kila mtu. Kwako hiyo si kazi ngumu."

Tukaenda Tororo, mimi na binti yangu, kamba ya mlango nimeifunga mkononi kama bangili. Tukamkuta fundi wa viti, kijana msafi, ana beji shingoni. Akanitazama mimi, halafu akamsemesha binti yangu, yeye akimwita nyabo, yaani mama, na mimi jaja, yaani bibi.

"Nyabo, huyu jaja anasikia Kiswahili?"

"Anasikia."

"Anaweza kaa muda mrefu?"

"Anakaa."

Nikasema, "Niulize mimi. Iliyochoka ni miguu. Mdomo uko kazini."

Akacheka, akasema, "Pole, jaja." Halafu akageuka akamuuliza binti yangu kama nina presha.

Nilikuwa nayo, na ilikuwa inapanda.

Akataka kujua nguvu za mikono yangu. Akanyoosha wake. "Niamkie, jaja. Shika, kaza." Sasa hapa nataka wote mnyamaze mnisikilize, hata nyinyi wa nyuma mnaogawana njugu. Mnapompa mtu mkono kwa heshima mnafanyaje? Mnatoa wa kulia, na wa kushoto mnaushika chini ya kiwiko, si ndiyo? Mimi nilifundishwa hivyo na mama yangu, na darasa lake lilikuwa fimbo. Mkono wa kushoto haupokei, hautoi, haumpi mtu chakula. Nikitoa kitu kwa kushoto, fimbo. Nikipokea kwa kushoto, fimbo. Basi nikampa yule kijana wa kulia kwa adabu zangu zote. Wa kushoto ukaenda chini ukaubeba, ukausukuma mbele, halafu ukapanda juu ukafunika mikono yote ukakaza. Kijana akasikia mshiko. Akamwambia binti yangu, "Wa kulia uko sawa."

Nami nikaitikia! Nilidhani hivyo hivyo. Tangu niugue nilikuwa nakula kwa kulia huku wa kushoto unasukuma kiwiko kwenda mdomoni, na nyumba nzima inasema, tushukuru mkono wa kulia bado upo. Hakuna aliyekuwa ameutazama wa kushoto. Ulikuwa unafanya kazi ya mikono yote miwili na hauhesabiwi.

Akaniweka kwenye kiti cha kujaribia. Kilikuwa chembamba, kizuri, kinashika ubavu. Kijiti akakifunga kulia. Nikaendesha, nikagonga kabati. Akanirudisha, akasema polepole, jaja. Nikagonga mlango. Akanirudisha tena, akaniambia nitulie. Ukimwambia mtu mwenye hasira atulie unategemea nini? Nikaigonga meza yake, chai yake ikamwagika.

Akashuka akapiga goti mbele yangu na tepu ya kupimia, akaanza kupima kutoka kiwiko mpaka kijiti. Na huku ananipima anamwambia binti yangu, juu ya kichwa changu:

"Nyabo, mimi nasema tu. Hawa wazee wetu, mwili ukichoka, kichwa nacho inachoka. Kiti ya betri itakuwa hatari kwake. Mrudishe kwa ile ya kusukuma."

Na binti yangu, mtoto niliyemzaa mimi, anajibu, "Ni kweli. Hata nyumbani alishindwa. Kaka yangu atakuja kumchukua tu."

Ndugu zangu, pale nikakiona chumba cha nyuma. Nikaiona redio. Nikawasikia watu wakija kuniona, wanauliza mlangoni, amekula? Hasira ikanipanda, sikuipanga, sikuiomba. Yule kijana ameinama hapo, ananipima mkono huku anasema sina kichwa. Nikamnyang'anya tepu. Aliishikilia, nikaivuta mpaka ikamtoka, nikamtupia nayo kifuani.

"Kama ni kichwa, pima kichwa!"

Tepu ilikuwa chini, kijana hakuiokota. Alikuwa anatazama mkono wangu. Binti yangu naye anautazama. Basi nami nikautazama.

Ulikuwa wa kushoto. Peke yake. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, hauna habari. Hasira yangu haikukumbuka fimbo ya mama yangu. Ilichukua mkono uliokuwepo.

"Jaja," yule kijana akasema, na mara hii alinisemesha mimi, "rudia."

"Nirudie nini? Nikutupie tena?"

"Shika tepu na huo tu. Vuta."

Nikashika, nikavuta. Akavuta upande wake, nikamshinda kidogo, au alinionea huruma, sijui.

"Sasa mbona hukusema huu ndiyo uko na nguvu?"

"Mbona uliniambia nikuamkie? Ungeniambia nikupige ungejua mapema."

Akacheka mpaka akakaa chini. Binti yangu hakucheka. Alikuwa analia, na nilimwacha alie, alistahili.

Kijiti kikahamia kushoto. Nikadhani tumemaliza, kumbe ndiyo kazi imeanza, na safari hii nilikuwa naulizwa mimi. Kijiti kikae wapi? Nikasema karibu, kiwiko kipate pa kulala, kwa sababu mkono unaoning'inia unachoka kabla haujafanya kitu. Kiwe kigumu au chepesi? Chepesi, vidole tu viweze. Akakilegeza. Kasi akaipunguza, kiti kikaacha kurukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Nikamuuliza kitufe cha kuzima kiko wapi, akanionyesha upande wa kulia, nikamwambia, "Nikizidiwa nitakizima na nini, na ulimi?" Akakihamisha. Nikataka magurudumu yafunikwe kwa juu, gomesi isiliwe. Nikataka kujua umeme ukikatika siku nzima kama ilivyo kawaida yetu, betri itanifikisha wapi. Nikataka kujua kikizimika barabarani watasukumaje dude zito hivyo, akamfundisha binti yangu kishikio cha kulegeza magurudumu. Kamba yangu tukaipitisha juu ya kiti kutoka gurudumu mpaka gurudumu. Ilizidi. Kiti kitapita mlangoni, na nyundo zote za Busia zibaki kwa wenyewe.

Na hili mlishike, nyinyi mtakaokwenda kuchagua. Nilimwambia yule kijana, asubuhi nina nguvu, jioni sina. Ukinipima asubuhi utanipa kiti cha asubuhi, halafu saa za jioni nitakwama njiani kama gari bovu. Akanielewa. Tukakaa pale, nikanywa uji, nikachoka, mkono ukaanza kutetemeka, ndipo akasema, "Haya jaja, endesha sasa." Nikaendesha nimechoka hivyo hivyo. Nikazunguka kabati, nikapita mlangoni, nikarudi, nikasimama mbele ya meza yake bila kumwaga chai. Hapo ndipo nikasema, hiki nimekubali.

Kile kikubwa kiliuzwa, watoto wakachanga, mambo hayo siyaingii.

Njiani tukirudi binti yangu akaanza. "Mama, lakini kushoto... Utafika mbele ya wazee umetanguliza kushoto?"

"Wa kulia ukijifunza kuendesha, nitautanguliza."

Yeye akaacha, lakini wengine hawakuacha. Mzee mmoja wa kanisa alinisimamisha njiani, mbele ya watu. "Mama, unatujia na kushoto, wa kulia umeukalia. Watoto wanajifunza nini kwako?" Huyu ni mtu ambaye nilipokuwa nimelala hakuja hata siku moja kunipa huo mkono wake wa kulia. Nikamwambia, "Wanajifunza kwamba nimekuja. Na kama unautaka wangu wa kulia, huo hapo pajani, inama uuchukue, hauumi." Watu wakamtazama. Akainama akauchukua. Siku hizi wote wanafanya hivyo, wanainama wanauchukua, na mimi nasema mulembe bila kuachia kijiti. Heshima haikufa. Imeinama kidogo tu.

Mkwe wangu naye alikuja likizo. Hakusema kitu kuhusu kile kiti chake, na mimi sikusema. Akakoroga saruji mwenyewe, akatengeneza mteremko pale kwenye kizingiti, mimi nimejifungia chumbani mpaka amalize. Hatukuonana, hatukugusana. Asubuhi yake nikashuka mlangoni kwa saruji yake laini, nikamsikia anakohoa kule kwenye uzio. Nilielewa.

Krismasi ikakaribia, kijana wangu mkubwa akaja kutoka Kisoko na gari. Nyuma aliweka godoro. Nililiona godoro lile, nikatamani mukene yangu yote imwagikie juu yake. Sikumsalimu. Nikamwambia binti yangu aniweke kitini, maana hilo siwezi na sijasema naweza, halafu atoke nje. Nikawasha. Nikatoka chumbani, nikapita sebuleni, nikapita mlangoni, nikashuka. Watu walikuwa wamejaa tena, wamekuja kucheka. Nikawapita.

Kati ya uwanja wangu na barabara kuna mfereji ambao mvua imeuchimba kwenye udongo wa murram. Gurudumu la mbele likaingia humo, likakwama. Nikasukuma kijiti, kiti kikanguruma, hakikwenda. Nikasikia hatua nyuma yangu, nikasikia mkono umeshika mgongo wa kiti.

"Toa mkono."

"Mama, utaanguka."

"Nianguke kwangu. Toa mkono!"

Akautoa. Nikarudi nyuma. Nikapumua. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, lakini kijiti chepesi, vidole vinatosha. Nikaupitia mfereji kwa pembeni, gurudumu moja kwanza, halafu jingine, kiti kikainama mpaka nikaona jasho langu linadondoka kwenye gomesi, ubavu ukashikwa na kiegemeo cha kando, kikanyooka. Nikafika barabarani. Malori yako kwenye foleni yao ya forodha, vijana wa boda wanapiga kelele zao, na mimi katikati yao bila mtu mgongoni.

Kijana wangu akaja akasimama kando.

"Haya," akasema.

"Haya nini?"

"Haya, Mama. Nimenyamaza."

Akarudi Kisoko na godoro lake.

Sasa niwashukuru watu, kisha mwenyekiti aache kunionyesha saa. Namshukuru yule mama wa magongo aliyenitukana wakati wengine wananionea huruma. Namshukuru binti yangu, ambaye siku hizi mtu akimuuliza habari zangu anasema, "Si huyo hapo, muulize." Namshukuru mkwe wangu, popote aliposimama huko nje. Namshukuru yule kijana wa Tororo, kwa kuwa alipokosea alirudi akauliza upya, na wengi wenu hamjui kurudi. Namshukuru Mungu ambaye aliniachia mkono mmoja na hakuniondolea mdomo.

Na kwako wewe ambaye nguvu zinakuisha na unatafuta kiti: usikubali kiti ambacho hujakikalia. Pima mlango wako kabla ya kumpendeza aliyekuletea. Nenda na uchovu wako, usiuache nyumbani. Wakitaka kujua mkono wenye nguvu, usiwape ule wa kuamkia watu, wape ule unaoshika kitu usipofikiri. Wakimuuliza mtu mwingine, jibu wewe. Na wakisema huwezi, waambie wabadilishe kiti kwanza, mtu watambadilisha baadaye.

Nimemaliza. Mwenyekiti, naona njia hapo katikati ni nyembamba, wamesogeza mabenchi tangu nilipopita. Yasogezeni. Mabenchi tu. Mimi mniache.